Herufi Mbili, Mguu Mmoja

“Isome tena!”

“Nimeshaisoma.”

“Isome kwa sauti, watu wasikie. Au mlifundishwa kuchora tu, kusoma mkaambiwa mtasoma mbinguni?”

“N na K. Haya, umeridhika? Nathanieli Kaluwa. La kwanza la ubatizo, la pili la baba yangu. Tatizo liko wapi, jirani?”

Hilo neno “jirani” ndilo lililonitoa jikoni. Mengine yote nilikuwa nayasikia vizuri tu kupitia ua wa matete huku nakoroga maharage yangu, maana kelele za uani kwa Kiliani hazikuwa habari. Seremala hugombana na mbao, hugombana na wateja, hugombana na kuku anayepanda juu ya kazi yake. Lakini Nathanieli kumwita Kiliani jirani! Watu wale waliitana ndugu tangu siku Kiliani aliposhuka kutoka Maguu na msumeno begani, mpaka sisi wa Mbamba Bay tukasahau kwamba mmoja ni Mmatengo wa milimani, wa Roma, na mwingine ni Mnyasa wa hapa hapa ufukweni, Mwanglikana wa kuzaliwa. Nikafunika chungu, nikatoka na mwiko mkononi.

Sikuwa wa kwanza. Pankras mhunzi alikuwa ameshafika, ameegemea nguzo kama mtu anayesubiri kunyolewa. Teodora, mke wa Kiliani, alisimama mlangoni amejishika kiuno. Na katikati ya ua lilikuwa sanduku la safari limelala ubavu, kitako chake kimetoka chote, na pembeni yake bwana mmoja wa Liuli aitwaye Frederick, amevaa koti zito kwenye jua lile kwa sababu alikuwa anakwenda kupanda meli.

“Dada Albina,” akaniambia, kana kwamba mimi ndiye hakimu, “nimelinyanyua mara moja tu. Mara moja! Pale gatini, mbele ya watu wote. Kitako kikadondoka na vitu vyote chini. Mpaka zile nguo ambazo mtu hapaswi kuonyesha. Wasichana wa ndizi wamecheka mpaka wameketi.”

“Zilikuwa na viraka?” nikauliza.

“Dada!”

“Nauliza tu.”

“Nikaambiwa ni sanduku la NK,” akasema. “Nimelinunua sokoni kwa sababu ya hiyo alama. Nikaja kwa fundi kumuuliza nimemkosea nini. Fundi akaangalia alama, akaangalia pembe, akaita huyu bwana.”

Nikainama nikaangalia pembe. Misumari. Misumari mirefu, mingine imepinda, mbao zenyewe za makasha ya sabuni yaliyopakwa rangi ya kahawia. Na juu ya kifuniko, imechomwa kwa moto safi kabisa, ile alama niliyoijua kama ninavyojua uso wa mwanangu.

Ili uelewe kwa nini mtu mzima alikuwa anafoka kwa ajili ya herufi mbili, inabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Enzi zile za Mwingereza, kila mwanamume wa upande wetu wa ziwa aliyekuwa na nguvu za kushika sururu alikwenda kusini, migodini, na hakuna aliyekwenda bila sanduku. Sanduku ndilo lilikuwa kiti chake melini, ndilo lilikuwa kitanda chake stesheni, na siku ya kurudi ndilo lililosema kama alifanikiwa ama alipoteza miaka. Masanduku ya Kiliani yalikuwa ya mninga. Pembe zake ziliumana meno kwa meno, hakuna msumari hata mmoja, na kifuniko kikishuka kilitoa pumzi kama mtu anayelala. Kuna moja lilianguka ziwani likaokotwa kesho yake na nguo kavu ndani. Mimi sikuliona, lakini aliyenisimulia alimfahamu aliyeliona.

Sasa Kiliani akawa na hamu moja. Alitaka mtu akiwa huko Johanesibegi, kati ya masanduku mia, atazame moja tu aseme: hili ni la fulani. Alitaka alama yake. Na nani wa kumtengenezea zaidi ya Nathanieli, aliyekuwa akiandika majina kwenye mitumbwi na vibao vya maduka, mtu ambaye mkono wake hautikisiki hata akishakunywa pombe yangu ya kangala?

Kazi yenyewe ilifanyika nyumbani kwangu, maana kwangu watu hawakauki na pombe haikauki. Siku ya kwanza Kiliani alikuja na kitabu cha zamani cha nyimbo alichopewa misheni ya Kigonsera, kimepigwa chapa kwa zile herufi nene za Kijerumani zenye ncha kila upande. Akataka za namna hiyo.

Nathanieli akacheka. “Hizi si herufi, hii ni mifupa ya samaki mbasa. Mtu akizisoma atakabwa. Halafu tazama hiyo K, inafanana na R. Utaitwa Riliani.”

“Riliani!” Teodora akaangua kicheko. “Baba Riliani, maji ya kuoga tayari!”

Jina hilo lilimkaa wiki nzima, akakiweka kitabu kando.

Basi Nathanieli akatufundisha kwamba herufi ni kama watu, kuna zilizovaa viatu na kuna za peku. Zilizovaa viatu zina vijikanyagio chini na juu, kama zile za Biblia. Za peku zimesimama kavukavu, kama jina lililoandikwa ubavuni mwa meli. Kiliani akasema anataka zenye viatu, yeye ametembea peku vya kutosha. Nathanieli akamwonyesha kwa mkaa kwamba chuma cha moto kikigusa ubao, hivyo viatu vitavimba na kujaa masizi, mwisho herufi itaonekana ina matende. Wakabishana, wakanywa, wakakubaliana: peku, lakini miguu minene.

Ukuta wangu ulikuwa umetoka kupakwa chokaa. Wakaumaliza. Walichora K ndani ya duara, ikaonekana kama jicho lenye mtoto wa jicho. Wakachora N imelala juu ya K, nikawaambia hicho ni kiti cha kukunja. Wakachora nyingine yenye mikia, Pankras akasema ni nge na yeye hatafua nge. Ndipo Nathanieli akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja, akaja akachora mara moja bila kuinua mkaa. N na K zimeshikana, mguu wa mwisho wa N ndio huo huo mgongo wa K. Herufi mbili, mguu mmoja katikati. Hata walevi wangu waliweka vikombe chini.

Kiliani akaiangalia sana. “Nzuri,” akasema. “Lakini mimi ni Kiliani Ndunguru. K ndiyo inayotangulia.”

Nathanieli alikuwa bado ameutazama ukuta, hakugeuka. “Karani wa kodi akikuita, anaanza na lipi?”

“Ndunguru.”

“Na huko kwenu Maguu, mzee akikuuliza wewe ni nani, unaanza kutaja lako au la ukoo?”

“La ukoo. Langu atalijulia wapi?”

“Basi tanguliza mzee, ndugu yangu. Baba mbele, mtoto nyuma. Tena ona, mtoto ameegemea mguu wa baba yake.”

Nakuambia, hapo alimgusa Kiliani penyewe. Baba yake mzee Ndunguru alifariki huko milimani Kiliani akiwa huku chini anapasua mbao za watu, na alipofika Maguu kaburi lilikuwa limeshasawazishwa. Mtu wa mjini angesema haya ni mambo ya herufi tu. Lakini mwambie Mmatengo kwamba anajitanguliza mbele ya ukoo wake uone kama atalala. Kiliani akakipangusa kifuniko cha sanduku lililokuwa karibu kwa kiganja, akasema, “Iwe hivyo. Ndunguru Kiliani.”

Pankras akafua chuma. Huyo naye alikuwa na maneno yake, maana ilibidi herufi zifuliwe kinyumenyume ndipo zikichomwa zitoke sawa. “Nimefua majembe, nimefua mikuki,” akalalamika, “sijawahi kufua kitu kinachotazama nyuma.” Siku sanduku la kwanza lilipochomwa, ua mzima ulinukia mninga, na Kiliani alilishika kama anashika mtoto wa kubatizwa. Tangu hapo watu wa kila bandari walikuja wakiuliza sanduku la NK. Jina la Kiliani wengi hawakulijua. Walijua NK, na kwake hilo lilitosha, kwa sababu ndani yake alijua wamo wawili, baba na mtoto.

Sasa rudi nami uani, tumeshamwacha Frederick juani vya kutosha.

“Chuma changu kile pale,” Kiliani alikuwa anasema, ananyoosha kidole kwenye nguzo kilipokuwa kinaning’inia. “Hakijatoka hapa. Hili limechomwa na kipi?”

Nathanieli akatazama ziwani. Pankras ndiye aliyekohoa.

“Jamani,” akasema, “mimi nilidhani mnajua. Wakati wa masika Nathanieli alikuja kwangu. Akasema fundi umemtuma, mpini wa kwanza umeungua, unataka chuma kingine. Nikafua.”

“Nani alimtuma?”

“Wewe.”

“Mimi?”

“Ndivyo alivyosema. Nami nianze kumkatalia ndugu yako, kwa lipi?”

Teodora alitoa sauti ndogo mlangoni, kama mtu aliyechomwa na mwiba, akaingia ndani.

Wakati huo mzee Nazari, jumbe wetu, alikuwa anapita kwenda gatini na fimbo yake. Tukamwita. Shikamoo zikapita, kiti kikaletwa, Frederick akasimulia upya habari ya nguo zake, safari hii akaruka kipande cha wasichana. Mzee Nazari akaivaa miwani yake, akaisogelea alama.

“N,” akasoma. “K. Wewe jina lako nani?”

“Nathanieli Kaluwa, mzee.”

“Na wewe?”

“Ndunguru Kiliani.”

Frederick akacheka, hakuweza kujizuia. “Nani anakuita hivyo, fundi? Mbona sote tunakuita Kiliani?”

“Huyo huyo Nathanieli ndiye aliyeniita hivyo! Ukutani kwa Albina! Albina, sema!”

Nikasema. Nikasimulia yote, karani wa kodi, mzee wa Maguu, baba mbele mtoto nyuma. Mzee Nazari akasikiliza huku akipapasa ile alama kwa kidole gumba.

“Kwa sanduku bovu,” akasema mwishowe, “Nathanieli, umemwaibisha mtu wa watu. Mpe jingine zima kabla meli haijapiga honi. Na kudanganya mhunzi ni uongo, hilo hata mtoto anajua. Lakini herufi? Nikisema N na K si za Nathanieli Kaluwa, kesho atanijia mtu kuniuliza jumbe gani anayewanyang’anya watu majina yao. Kwa hilo sina dawa.” Akanyanyuka, akaenda zake.

Hapo ndipo watu walipoanza kuongea wote kwa pamoja, kila mmoja na hukumu yake. Kiliani hakuwasikiliza. Alimsogelea Nathanieli mpaka wakawa wanaweza kunong’ona, ila hakunong’ona.

“Nikuulize moja tu. Siku ile ukutani, uliliona?”

“Niliona nini?”

“Jina lako.”

Nathanieli akafuta mikono kwenye kaptula, ingawa mikono yake ilikuwa safi. “Mkono ndio uliochora,” akasema. “Mimi nilikuwa natafuta lako. Nilipomaliza nikaliona langu. Nikajisemea, nikimwambia atalifuta. Na sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile, Kiliani. Maisha yangu yote naandika majina ya watu wengine kwenye mitumbwi ya watu wengine.”

“Ungeniambia hivyo. Ningekupa.”

“Ungenipa?”

“Ningekupa ukutani pale pale, tukachora nyingine. Kwa hiyo habari ya baba yangu...”

“Habari ya baba yako ilikuwa kweli vile vile.”

“Ulimtoa baba yangu kaburini aje akushikie mlango,” Kiliani akasema.

Mimi nikautazama mwiko wangu.

Honi ya kwanza ya meli ikalia. Nathanieli hakuwa na sanduku zima la kumpa mtu. Yote aliyoyagongelea kwake kwa makasha ya sabuni yalikuwa ndugu wa lile. Basi Kiliani akaingia bandani akatoka na la kwake, jipya, la mninga, lililokuwa limeshaahidiwa mtu mwingine. Frederick akaanza kushukuru. Kiliani akamwambia asubiri kidogo, akachukua randa, akaliweka sanduku magotini na kuisukuma juu ya kifuniko. Alama ikatoka kwanza mguu wa N, kisha ule wa katikati, ikajikunja kwenye unyoya mmoja wa mbao ukaanguka mchangani. Mahali pale pakabaki peupe.

“Fundi,” Frederick akasema kwa huruma, “sasa kule nitawaambiaje kwamba ni la kwako?”

“Usiwaambie.”

Siku zilizofuata sauti iliyosikika uani kwake ilikuwa ya randa tu. Masanduku yote aliyokuwa nayo aliyakwangua. Watu walimletea ushauri kama wanavyoleta kwa mgonjwa. Achore samaki. Achore jembe. Aandike jina lote, Kiliani, mwanzo hadi mwisho, tuone nani atalidai. Alijibu “asante” kwa kila mmoja na hakuchora kitu. Wateja nao, nisikufiche, walianza kugawanyika, maana wapo waliokuja wakisema wao wanataka lenye NK, hawajali limetoka ua gani, na Kiliani akawaelekeza kwa mkono upande wa kwa Nathanieli. Teodora aliniambia kwamba usiku humsikia mumewe akilitaja jina lake polepole, Kiliani Ndunguru, Ndunguru Kiliani, kama mtu anayejaribu ufunguo.

Jioni moja nilikuwa kwao, nimepeleka chumvi. Usinicheke, chumvi ilikuwa imewaishia kweli. Watu walikuwa wameketi mkekani uani tayari kula. Na hapa inabidi nikueleze jambo la Wamatengo. Kwao wanaume wa ukoo hula pamoja nje jioni, wanaita sengu, na hapo hapo ndipo mambo huzungumzwa. Aliye wa pale hafiki akasubiri kukaribishwa. Anafika, ananawa, anamega. Kumwambia karibu ni kama kumkaribisha mtu kitandani kwake mwenyewe. Kiliani hakuwa na ukoo huku chini, kwa hiyo sengu yake ilikuwa yeye, Pankras, watu wawili watatu wa bandani, na Nathanieli, miaka yote ile.

Nathanieli akatokea kwenye uwazi wa ua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mkono mmoja ameshika mbasa mkubwa kwenye kamba, mwingine ameshika karatasi. Akamsalimu Teodora, akamkabidhi samaki. Akaja akachuchumaa pembeni ya mkeka, akaikunjua karatasi mbele ya Kiliani.

“Nimekuchorea nyingine,” akasema. “Hii haisomeki kwa namna mbili. Nimeigeuza juu chini, nimeitazama kwenye maji, nimewapa na watoto waisome. Ni yako tu.”

Ilikuwa K moja, imesimama peke yake, na tawi la kahawa la kwao Maguu limeizunguka, punje zikiwa mbili mbili. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, na nilimchukia Nathanieli kwa kuweza kuichora. Pankras akajikuta anasema “lo!” kisha akajifanya anakohoa.

Kiliani aliiangalia mpaka mwisho, tawi lote, kila punje. Nikaona uso wake unalegea, nikasema moyoni, imekwisha, tunaponea hapa.

“Mkono wako ni mzuri sana,” akasema. “Mungu alikupa.”

“Basi ichukue.”

“Haya.” Lakini hakuishika. Aliiacha pale pale mkekani.

Nathanieli akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akajisogeza alipokuwa akikaa siku zote, kati ya Kiliani na Pankras, akanyoosha mikono kwenye bakuli la maji.

“Teodora,” Kiliani akaita, sauti yake ya kawaida kabisa. “Tandika meza ndani.”

Teodora akatoa kichwa mlangoni. “Ndani?”

“Ndani. Toa na kile kitambaa cheupe.”

Mikono ya Nathanieli ikabaki juu ya maji, haijalowa. Kiliani akanyanyuka, akakileta kile kiti cha mgongo walichokuwa wakimwekea padri akipita, akakipangusa vumbi kwa kiganja, mbele na nyuma. Kisha akasimama kando ya mlango, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu zote.

“Karibu ndani, Nathanieli,” akasema. “Karibu sana, uje ule.”